Alama za Kushukia

Huko juu milimani njia hailimwi wala haifagiliwi. Njia huchorwa. Mtu hupita na kopo la rangi nyekundu, na pale ambapo jicho la mpandaji litatapatapa likitafuta pa kwenda, humwekea alama juu ya jiwe: mstari mfupi, mnene, kama ulimi. Kisha husogea mpaka karibu aipoteze alama hiyo machoni, hapo ndipo huweka nyingine. Alama moja humkabidhi mtu kwa nyingine, kama mtoto mchanga anavyopitishwa mikononi katika sebule yenye mashangazi wengi, na ole wake atakayemwangusha katikati.

Madoa aliyajua haya kabla hajajua kusoma. Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti. Hili la Madoa alibandikwa na baba yake, kwa sababu utotoni hakuna siku alirudi nyumbani bila rangi nyekundu shavuni, kwenye sketi, mara nyingine hata kwenye meno. Baba mwenyewe aliitwa Mzee Birika. Wasiomjua walidhani ni mchoyo, mkono wa birika. Kumbe ni kwa sababu birika lake halikutoka jikoni tangu msimu kufunguliwa hadi kufungwa. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa kibanda cha juu, kile cha mwisho kabla ya kuingia kwenye barafu, na aliyefika pale midomo imempauka alitiwa kikombe mkononi kabla hajaulizwa anatoka wapi.

Njia ya kutoka kibanda cha chini hadi cha juu aliichora yeye ujanani, na kila baada ya theluji kuyeyuka aliirudia. Alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata siku moja: alama za kupandia zichorwe mtu akipanda, alama za kushukia zichorwe akishuka.

"Usinichoree ya kushukia huku unapanda," alikuwa akimkemea Madoa. "Anayepanda anatazama kwa tamaa, anayeshuka anatazama kwa uchovu. Hawaoni jiwe lile lile."

Kwa hiyo kila jiwe kubwa la njia ile lilikuwa na nyuso mbili, moja ikitazama bondeni kwa ajili ya wanaokuja, nyingine ikitazama kileleni kwa ajili ya wanaorudi. Na kwa Mzee Birika alama haikuwa rangi tu. Ilikuwa kauli. Aliyeiweka, au aliyeipita akaiacha, amesema: nimesimama hapa, nimetazama, pita.

Madoa alikua, akaajiriwa na ofisi ya njia kule mjini, akaolewa na mpishi wa kibanda cha chini, akapata binti ambaye sasa alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti. Ilikuwa mwanzoni mwa msimu alipoitwa na msimamizi wake, mama mmoja mwenye miwani iliyokaa siku zote juu ya paji la uso, ambaye huitafuta miwani hiyo hiyo mezani.

"Keti, Madoa."

"Nikiambiwa niketi huwa si habari njema."

"Basi simama, habari ni ile ile." Msimamizi alisogeza kikombe chenye kalamu, akatandaza picha mezani, picha zilizopigwa kutoka angani. "Korongo la njia ya baba yako limelegea. Barafu iliyokuwa imeyashika yale mawe imeyeyuka. Jua likipata kidogo tu, yanaporomoka. Angalia hapa. Na hapa."

Madoa aliangalia. Alilijua korongo lile kama anavyojua ngazi za nyumbani kwao, lakini kutoka juu lilionekana kama kidonda kilichofunguka.

"Ngazi za chuma za kule ukingoni zimekamilika," msimamizi aliendelea. "Kuanzia sasa watu wote wapande na washuke kwa huko. Njia ya zamani ifutwe. Rangi ya kijivu, alama zote, za kupandia na za kushukia."

"Na mzee?"

"Mzee atashuka kwa ngazi kama binadamu wengine."

"Humjui baba yangu."

"Namjua sana. Ndiyo maana nakutuma wewe. Nikimtuma mwingine atamwagiwa maji ya moto." Wakacheka wote wawili. Halafu yule mama akaacha kucheka, akaishusha miwani machoni ili amwone vizuri. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nikimwambia korongo limekufa, ataniona karani wa ofisini. Akikuona wewe umefuta, atasadiki. Hakuna mtu mwingine hapa duniani atakayemsadiki. Umenielewa?"

"Nimeelewa," alisema Madoa. Na kweli alielewa. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye, kwamba hakuna aliyemficha kitu.

Alipanda siku ya jua jepesi. Mumewe alimpokea mtoto pale mlangoni mwa kibanda cha chini, aproni imejaa unga, akamtazama mkewe akifunga mkoba wenye rangi ya kijivu.

"Kwa hiyo unaenda kumfutia mkwe wangu ujana wake," alisema, nusu utani.

"Usiniongezee mzigo, baba watoto."

"Watoto? Naona mmoja tu hapa, na ameshanilowesha."

Njia nzima alifuta alama za kupandia, jiwe baada ya jiwe. Baba yake alikuwa na mkono wa haraka, kila alama yake ilikuwa na kijimkia upande wa kushoto pale alipoinua brashi kabla haijamaliza. Madoa aliifuata mikia hiyo kwa kijivu. Hapa ndipo alipolala usingizi siku moja, baba akamfunika kwa koti. Hapa ndipo alipokaa akalia hataki kuendelea, na baba akakaa naye akalia pia, kwa mzaha, kwa sauti kubwa kuliko yake, mpaka akaona haya akanyamaza. Alipaka, akangoja ikauke, akasonga. Kila alipogeuka, nyuma yake mlima ulikuwa umenyamaza. Yalibaki mawe tu, yasiyomwambia mtu lolote.

Ndani ya korongo changarawe zilikuwa zikichuruzika zenyewe. Kisha jiwe la ukubwa wa chungu likapita kando yake likivuma, likapasukia chini. Madoa aliegemea mwamba, matiti yakimuuma kwa maziwa ya mtoto aliyemwacha. Msimamizi alisema kweli. Njia ya baba ilikuwa imekwisha.

Alipofika juu, Mzee Birika alikuwa jikoni, soksi za wageni zimening'inia juu ya jiko kama popo. Alimpa binti yake kikombe, macho yakaishia vidoleni mwake.

"Vidole vyako vimeota mvi," alisema.

"Ni rangi, baba."

"Naona ni rangi. Kunywa kwanza."

Alikunywa. Alikaa kwenye benchi lile lililolainishwa na makalio ya miaka na miaka, akaeleza habari za mtoto, meno, mpishi. Mzee alicheka panapochekesha. Kisha, akiwa amempa mgongo, akikoroga sufuria, akauliza, "Na hizo ngazi zenu, umezipanda?"

"Nimezipanda. Ni imara."

"Mimi na ngazi tuliachana siku niliyoanguka nikimpakia mama yako dari. Ngazi ni ya fundi umeme. Mimi nina miguu."

"Baba, mawe yanaporomoka."

"Mawe yanaporomoka tangu nizaliwe. Suala ni unapita wapi, na saa ngapi."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Madoa alilifungua neno mdomoni, akaona ule mgongo, sweta lililochakaa kwenye viwiko, shingo iliyokuwa imesinyaa tangu msimu uliopita, akalimeza. Asubuhi, alijiambia. Asubuhi nitamwambia vizuri.

Asubuhi hawakuzungumza. Wageni walikuwa wengi, wote wa kupelekwa ngazini, na mzee aliwaelekeza huko bila kinyongo, maana amri ni amri. Madoa alifunga mkoba wake. Kopo la kijivu lilikuwa juu kabisa, tayari, kwa sababu sasa ilikuwa zamu ya alama za kushukia, na hizo zinafutwa mtu akishuka, kama zilivyochorwa.

Mzee Birika alitoka naye mpaka mwisho wa uwanja wa mawe, kikombe mkononi.

"Haya, shuka salama. Mbusu mjukuu wangu."

"Nitambusu. Rudi ndani, kuna baridi."

"Nimezaliwa na baridi."

Hakurudi ndani. Alama ya kwanza ya kushukia ilikuwa hapo chini tu, kwenye jiwe pana, nyekundu kama jana. Ya pili ilionekana, na ya tatu. Madoa alifika kwenye ile ya kwanza, akapiga goti, akashika kifuniko cha kopo. Akageuka. Baba alikuwa pale pale, mvuke wa kikombe ukimpita usoni, anamtazama.

Madoa alijifanya anafunga kamba ya kiatu, akainuka.

Nitaanzia kwenye kona, aliwaza, asikoweza kuniona. Akafika kwenye kona, akafungua kopo, akachovya. Na hapo ujuzi wake mwenyewe ukamkamata mkono. Njia haifutwi kuanzia katikati. Ukiacha alama za juu ukafuta za chini, umemwita mtu, umemshika mkono, umemfikisha korongoni, halafu umemwachilia. Ama uanze na ya kwanza kabisa, ama usiguse. Na kuirudia ya kwanza maana yake ni kupanda tena mpaka miguuni pa baba na kumpakia kijivu mbele ya macho yake.

Alilifunga kopo.

Sababu alizipata nyingi akishuka. Wanaotoka chini hawataona njia, alama zao zimefutwa na kibao cha onyo kimewekwa. Wanaotoka juu wote wanapitia mikononi mwa baba, naye anawapeleka ngazini. Hakuna atakayepotea. Nitarudi wiki ijayo, siku baba akiwa na shughuli nyingi. Na tena, aliwaza, na wazo hili ndilo lililokuwa tamu kuliko yote, mzee ataamka kila siku azione alama zake pale chini ya dirisha. Ni kitu kidogo tu. Mwache awe nacho.

Ofisini msimamizi aliuliza, "Umefuta?"

"Nimefuta."

"Mungu akubariki. Najua haikuwa rahisi."

Wiki hiyo ilipofika, mtoto aliota jino, akapata homa. Wiki iliyofuata Madoa alitumwa upande mwingine wa mlima, kwenye daraja la kamba lililokatika. Kisha mvua. Kisha binti akapiga hatua yake ya kwanza, akaangukia ndoo, wakacheka mpaka machozi, na nani angeondoka siku kama hiyo? Lakini ukweli ni kwamba siku za kwenda zilikuwapo. Zilikuja, zikakaa, zikaondoka, kama wageni walioachwa barazani bila kukaribishwa.

Kila jioni, mpishi akishaosha masufuria, waliwasha redio ya mawasiliano na sauti ya mzee ikaingia jikoni ikikwaruza.

"Chini, huku juu. Mko hai?"

"Tuko hai, baba."

"Mpishi naye?"

"Yupo, anakula."

"Hilo nilijua, nimeuliza kama yuko hai."

Mpishi aliinyakua redio. "Mkwe, mimi nikifa utakula nini ukishuka?"

"Nitakula kwa amani."

Madoa alicheka pamoja nao, na kila jioni alijiambia, leo nikishapewa redio nitasema: baba, zile alama zilizobaki, usizifuate, ni mimi niliyeshindwa. Ilikuwa sentensi moja. Ilipofika zamu yake, mdomo ulijaa habari za mtoto.

Siku ya kufunga kibanda, ukungu ulikuwa umelala mabegani mwa mlima tangu kulipopambazuka. Madoa alikuwa kwa mumewe pale kibanda cha chini, wakikung'uta mablanketi nje kabla ya kuyafunga, aliposikia redio.

"Chini, huku juu. Nimefunga madirisha, nimezima jiko, mlango nimeukomea. Nashuka kwa njia yetu."

Madoa aliliangusha blanketi. "Baba, hapana. Shuka kwa ngazi."

"Ngazi za nini, mwanangu, na hizi alama ziko hapa? Wewe mwenyewe umeziacha. Nimezitazama msimu mzima. Mchoraji wa ofisi kapita, katazama, kaacha, mimi ni nani nibishe? Betri inakufa, nazima. Mwambie mpishi ale kidogo, aniwekee."

"Baba! Baba, nisikilize—"

Redio ilikuwa imekufa.

Alimfungua mtoto mgongoni, akamtupia mumewe mikononi. "Lete watu," alisema. "Lete machela." Mpishi alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakuwa na utani.

Alikimbia mpaka pumzi ikamwishia, akatembea, akakimbia tena. Kisha ukungu ukamfunika, na huko ndani yake Madoa akakutana na kazi ya mikono yake. Mawe yote yalikuwa kijivu. Njia aliyoipita tangu hajui kusema vizuri haikuwa na neno la kumwambia. Alisimama, akageuka kushoto, akaona mawe, kulia, mawe. Akaita. Ukungu ukamrudishia sauti yake imelowa.

Ndipo akakumbuka nyuso mbili. Akaenda kwenye jiwe kubwa lililokuwa mbele yake, akalizunguka, akalipapasa mgongo. Nyekundu. Akasonga kubahatisha mpaka jiwe jingine, akalizunguka hilo pia: tupu. Akarudi. Akajaribu la upande wa pili: nyekundu. Hivyo ndivyo alivyopanda, akiichungulia njia kwa nyuma, jiwe kwa jiwe, akiongozwa na alama zile zile alizotamani zisingekuwapo, huku mbele yake, mahali asipopaona, mawe yakianza kuporomoka. Kwanza machache. Kisha kishindo kirefu, kama mtu anayemwaga kokoto kutoka kwenye lori. Kisha kimya.

Hakuita tena. Aliogopa kutojibiwa.

Alimkuta chini kidogo ya korongo, ameketi ameegemea mwamba kama mtu anayepumzika, isipokuwa mguu mmoja ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Uso wake ulikuwa na rangi ya yale mawe.

"Nilidhani ni mbuzi," mzee alisema, sauti nyembamba. "Unapumua kama mbuzi."

"Baba. Baba yangu."

"Usiniguse hapo. Na usikae hapo ulipo, sogea huku, yanakuja kwa huko."

Alisogea. Alivua koti, akamfunika, akamkumbatia kichwa kama anavyomkumbatia binti yake akiwa na homa. Walikaa hivyo mpaka sauti za wanaume zikasikika chini, mpishi akiita kwa jina la Mzee Birika kila baada ya hatua chache, sauti yake ikikatika kwa kilio.

Hospitalini alilazwa kwenye chumba cha dirisha moja lililotazama uwanja wa kuegesha magari. Nyonga ilikuwa imepasuka, goti limesagika. Walimfanyia upasuaji, wakamfanyia mwingine. Daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alimwita Madoa kwenye korido, karibu na toroli la mashuka, akamweleza: mzee atatembea nyumbani, kwa mkongojo, na kwa shukrani. Mlima asahau. "Mwambieni taratibu," alisema. "Wazee wengine wakiambiwa ghafla huacha kula."

Kwa hiyo kila aliyekuja alimwambia taratibu, maana yake hakuna aliyemwambia. Mpishi alimletea supu, akasema, "Msimu ujao utanisumbua tena na redio yako." Muuguzi alisema, "Babu, wewe ni chuma." Hata msimamizi wa ofisi ya njia alikuja na miwani yake pajini, akakaa, akasema kibanda kinamngoja. Madoa alikuwa ameshamweleza yule mama kila kitu. Hakugombezwa. Aliambiwa tu kwamba alama zilizobaki zimefutwa na mtu mwingine, kuanzia ya kwanza, na kwamba yeye akae ofisini kwanza. Angegombezwa angeona nafuu.

Mchana mmoja walibaki wawili. Jirani wa kitanda cha pili alikuwa amepelekwa kupigwa picha. Madoa alikuwa akimkata baba yake kucha za mikono, kidole kwa kidole.

"Siku ile ulipokuja kufuta," mzee alisema bila kumtazama, "unajua kwa nini nilitoka nje na kikombe changu?"

"Kuniaga."

"Kukuaga! Nimekuaga mara ngapi nikiwa jikoni?" Alimnyooshea kidole kilichofuata. "Nilikuwa nangoja ufungue kopo."

Mkasi ulisimama.

"Usiku kucha nilikuwa nawaza. Lile korongo nilikuwa nalisikia hata mimi. Nilisema, mimi nimezeeka, siwezi kujihukumu, njia ni yangu na macho ni yangu, nitajipendelea. Lakini huyu amepita jana, ameona, na nilimfundisha mwenyewe. Akifuta ile alama ya kwanza, basi. Nikasimama ili nione. Ukapiga goti, nikasema, haya, imekwisha. Ukainuka." Alitikisa kichwa juu ya mto. "Ukafika kwenye kona, ukaenda. Nilifurahi, Madoa. Nilirudi ndani nikiimba, wageni wakaniona nimechanganyikiwa. Nilisema, mtoto ameona bado kunapitika."

"Uliniangalia, baba. Sikuweza. Niliona utaumia."

"Ningeumia. Ningekutukana kutoka pale juu mpaka ufike bondeni. Ningenuna, ningewapa wageni chai bila sukari. Halafu mwisho wa msimu ningeshuka kwa hizo ngazi zenu kama paka mzee, nikilaani kila chuma, na mwaka unaofuata ningepanda tena." Alivuta pumzi. "Ningeumia hivyo tu."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, Madoa angepata mahali pa kulilia. Alikaa na ule mkono mzito mkononi mwake, mkono ulioichora njia nzima, na mbele yake akauona mwaka ambao ungekuwapo: sweta, soksi juu ya jiko, sauti ikikwaruza redioni kuuliza kama mpishi yuko hai. Ulikuwa mwaka wa kawaida kabisa. Ulikuwa pale, umbali wa kufungua kifuniko cha kopo.

Mzee aligeuza uso, akamtazama sawasawa.

"Daktari alikuita kwenye korido. Alisema nini?"

Nje gari lilirudi nyuma likipiga mlio. Madoa aliyasikia maneno yakija yenyewe, yale mazuri, laini, yaliyozoea njia: amesema tungoje tuone, amesema una mifupa ya kijana. Yalikuwa yameshafika kwenye meno. Aliuweka mkasi juu ya shuka.

"Amesema hutapanda tena, baba."

"Msimu ujao?"

"Si msimu ujao tu. Hutapanda tena. Utatembea nyumbani kwa mkongojo. Mlimani, hapana."

Alimaliza, na hakuongeza kitu cha kuyafunika yale maneno. Mzee Birika alitazama dari. Kidevu chake kilianza kutetemeka, akakibana, kikatetemeka tena. Machozi yakatoka pembeni yakaingia masikioni, na Madoa akayafuta kwa ncha ya kanga yake, naye akilia, wala hakumwambia anyamaze. Jirani alirudishwa kwenye kiti cha magurudumu, akawaona, akajigeuzia ukutani kwa adabu.

"Wameshapata mtu?" mzee aliuliza hatimaye. "Wa kibanda."

"Kuna mama mmoja na mumewe. Wanatafakari bado."

"Wana akili?"

"Sijui, baba. Wanaonekana watu wazuri."

"Uzuri sijauliza." Alijifuta pua kwa mkono wenye kucha nusu zimekatwa, nusu bado. "Ule mlango wa stoo ya kuni, watausukuma, hautafunguka, watadhani umefungwa wauvunje. Unainuliwa kwanza kidogo, halafu ndiyo unasukumwa. Na tangi la maji, wasilijaze mpaka juu, litapasuka baridi ikija. Na dirisha la kaskazini..." Sauti ilimkatika. Aliingoja irudi. "Dirisha la kaskazini wasilifungue kabisa, bawaba zimekufa. Nilikuwa nizibadilishe mwaka huu."

"Nitawaambia."

"Utawaambia lini?"

"Leo. Nikitoka hapa nawapitia."

Alimtazama kitambo, kama mtu anayepima jiwe kabla ya kulikanyaga. Kisha akamnyooshea tena mkono ule ule, vidole vimetanuka, ili amalizie kucha zilizobaki.